Mayai ya Titodi

Titodi hajengi kiota.
Anakwaruza ardhi, anatandika kokoto tano sita,
anataga mayai manne yenye rangi ya udongo wenyewe,
kisha anapiga kelele usiku kucha
kumtangazia mbweha kwamba hapa hapana kitu.

Sisi watu wa Amreli tulimsoma ndege huyo
kabla ya kusoma herufi.
Bibi yangu Puri alikuwa na kauli yake,
akiitoa huku akipepeta mawele:

    Akitagia bondeni,
    rudisha mbegu ghalani;
    akitagia tutani,
    peleka plau shambani.

Na mayai yakisimama, ncha chini,
hesabu: kila ncha ni mwezi wa mvua.
Yai lililolala ubavu ni mwezi uliolala njaa.

Nilikuwa na miaka tisa.
Joto la mwezi wa Jeth lilipasua hadi kizingiti cha mlango,
kamba ya kisima ilikwisha kuungwa mara tatu.
Baba akaenda kumtafuta titodi
kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya hospitali.
Akamkuta kwenye mchanga wa mto mkavu,
chini kabisa. Mayai manne.
Matatu yamelala ubavu.

Hakusema kitu. Jioni
alimwambia Mama atafutwe mnunuzi wa maksai,
na kwamba binamu yake Ratanshi, kule Surat,
amemwekea nafasi kwenye gurudumu la kusugulia almasi.
Bhuro, maksai wa kushoto,
alikuwa akilamba chumvi kiganjani mwangu.

Usiku nikatoka.
Mwezi ulikuwa kipande cha ukucha uliokatwa.
Titodi akanirukia kichwani, akalia, akalia.
Nikayatia mayai kwenye pindo la sketi,
yana joto la chapati zilizofunikwa,
nikapanda nayo tuta la bwawa,
nikakwaruza, nikatandika kokoto,
nikayasimamisha yote manne, ncha chini,
nikiyaegemeza kwa vijiti.
Miezi minne ya mvua. Nilitaka hata wa tano,
ila mayai yaliisha.

Alfajiri mchunga mbuzi Lakhman akaja mbio.
Kijiji kizima kikapanda tutani.
Wakacheka, wakagawana sukari guru.
Baba aliyatazama mayai kwa muda mrefu mno.
Akainama, akaokota kijiti kimoja,
akakitia mfukoni.
Mnunuzi wa maksai alipokuja
alipewa chai, akasindikizwa.

Titodi hakuja kuyalalia.
Siku tatu alizunguka mtoni
akiulilia mchanga mtupu, kisha kimya.
Nilikwenda kuyagusa: baridi kama funguo.

Mvua ilinyesha.
Sitakudanganya kwamba ilinyesha kwa ajili yangu.
Mto ulishuka na miti, na ndoo, na mbuzi wawili wa Lakhman,
ukapita juu ya pale pale ndege alipochagua.
Angebaki, angezolewa na vifaranga vyake.
Nikamuuliza Bibi: basi titodi alikosea?
Akapuliza makapi. Ndege hakosei, alisema,
ndege husomwa vibaya.

Kisha mvua ikakata.
Mwezi mmoja tu, na mbingu ikafungwa kama duka la mdeni.
Pamba ilikauka ikiwa kimo cha magoti yangu.
Mwezi mmoja.
Kule mtoni yai moja lilikuwa limesimama.

Baada ya Diwali Baba akapanda basi la Surat,
na Bhuro akauzwa kwa bei pungufu ya ile ya kwanza.

Miaka ishirini na sita baadaye nilifungua sanduku lake la bati:
risiti za kiwanda, lenzi ya kukagulia almasi,
picha ya Mama iliyokunjwa mara nne,
na kijiti cha mkwaju, kifupi, kimevunjwa kwa meno.
Meno ya mtoto.

Kumbe alipanda akijua.

Kila Jeth bado natafuta.
Nikiyaona, nasimama mbali,
nahesabu ncha,
mikono nimeifunga nyuma.